Mkataba usio na mwisho unajazwaje kwenye safu ya tarehe? NULL, 9999-12-31 au infinity?

#1 FundiMishahara

Wakuu, heshima kwenu.

Mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo. Nimerithi mfumo wa mishahara wa kampuni moja, jina siitaji, wafanyakazi 70. Kuna jedwali la mikataba lenye safu tatu za maana: mfanyakazi_id, tarehe_mwanzo na tarehe_mwisho. Mwezi uliopita nilikaa nikayasafisha maswali ya SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) ya jamaa aliyeniachia kazi, maana yalijaa OR na mabano hadi kichwa kinauma. Swali la kutafuta nani alipwe nikalinyoosha hivi:

```
SELECT mfanyakazi_id FROM mikataba
WHERE tarehe_mwanzo <= CURRENT_DATE
  AND tarehe_mwisho >= CURRENT_DATE;
```

Tarehe 25 mhasibu akapiga simu, sauti ya juu. Watu 14 hawamo kwenye orodha ya malipo. Na si vibarua wa jana, ni watu wa siku nyingi, mmoja ni mlinzi ambaye hata mkurugenzi alimkuta pale. Kuangalia, wote 14 tarehe_mwisho yao ni NULL, yaani haina thamani yoyote, na ukiilinganisha na leo jibu haliwi kweli. Lile swali la zamani lilikuwa na "OR tarehe_mwisho IS NULL", mimi nikalifuta nikidhani ni takataka.

Usiku uleule nikawajazia wote 9999-12-31, wakalipwa, nikalala. Asubuhi ripoti ya wastani wa siku zilizobaki kwenye mikataba ikatoka: zaidi ya siku 580,000 kwa kila mfanyakazi. Meneja akaniuliza kama tumeajiri malaika. Hapo sijasema habari ya programu ya likizo, ambayo inachota data hizohizo na kuzitunza kama muda kamili wenye saa. Imekataa kuwaka kabisa, inalalamika kuhusu mwaka.

Sasa naombeni msimamo mmoja. Niache NULL, nibaki na 9999, au kuna njia ya watu wazima?

#2 Kijiti

Naweka kambi hapa, ngoja waje wataalamu.

Mlinzi alilipwa lakini?

#3 TemboBluu

Mkuu, unatumia hifadhidata gani? Jibu linategemea hapo.

#4 FundiMishahara

Mlinzi alilipwa, Kijiti, siku moja imechelewa.

@TemboBluu mishahara iko PostgreSQL. Programu ya likizo imeandikwa kwa Python. Mahudhurio yako kwenye MySQL ya zamani ambayo kila mtu anaiogopa.

#5 TemboBluu

Basi una bahati, nusu ya jibu unayo ndani ya nyumba. PostgreSQL ina thamani mbili za tarehe ambazo wengi hawazijui: 'infinity' na '-infinity'. Ya kwanza iko mbele ya kila tarehe, ya pili iko nyuma ya kila tarehe. Si maandishi na si mwaka wa kubuni, ni thamani halali ya aina ya date (tarehe peke yake) na timestamp (tarehe yenye saa).

```
UPDATE mikataba SET tarehe_mwisho = 'infinity'
WHERE tarehe_mwisho = '9999-12-31';
```

Ukishafanya hivyo, swali lako safi la pale #1 linafanya kazi bila OR yoyote, kwa sababu infinity >= leo ni kweli daima. Ukipanga kwa tarehe, hao 14 wanakaa mwisho. Ukiongeza siku 30, inabaki infinity. Na ripoti ya wastani unaichuja kwa isfinite(tarehe_mwisho), unabaki na wenye tarehe ya kweli tu.

Tahadhari moja. Ukitoa tarehe kutoka kwenye infinity ya aina ya date, PostgreSQL inakataa na kutoa kosa. Kwa timestamp ilikuwa hivyohivyo hadi toleo la 17 la mwaka 2024, ambapo hata interval (muda kati ya nyakati mbili) ilipewa infinity yake. Binafsi naona bora kosa kuliko wastani wa siku 580,000. Kosa linakuamsha, namba mbovu inakaa kwenye ripoti miaka mitatu.

#6 Mpemba_wa_Data

Bwana Tembo, hayo usemayo ni kweli ukiwa umekaa ndani ya PostgreSQL. Ukitoka mlangoni tu, mambo mengine. Mwenzetu kasema programu ya likizo ni Python. Tarehe za Python zinaishia mwaka 9999, na infinity haina. Draiva ya psycopg2, inayounganisha Python na PostgreSQL, ikikutana na date ya infinity inaigeuza kimyakimya kuwa tarehe kubwa kuliko zote za Python, yaani 9999-12-31. Haya, programu ikasoma mkataba, mtu akarekebisha herufi moja ya jina, ikauandika tena. Hifadhidatani inarudi 9999-12-31 badala ya infinity. Baada ya mwaka una jedwali lenye vyote viwili na hakuna anayekumbuka kwa nini. Psycopg 3 wamebadilisha, hiyo inatoa kosa waziwazi, afadhali.

Na sasa FundiMishahara, nadhani nimeiona shida ya programu yako ya likizo. Hebu niambie: imehifadhi 9999-12-31 saa ngapi, na kwa kanda ya saa ipi?

#7 FundiMishahara

Ni timestamptz (muda kamili wenye kanda ya saa), imejazwa 9999-12-31 23:59:59 kwa UTC, ile saa ya kimataifa. Niliona mtandaoni watu wanafanya hivyo ili kuwa na uhakika siku nzima imeingia.

#8 Mpemba_wa_Data

Ndiyo hiyo. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC. Dakika ya mwisho ya mwaka 9999 kwa UTC, huku kwetu tayari ni saa nane na dakika 59 usiku, tarehe 1 Januari mwaka 10000. Seva ikiigeuza kuja saa za Afrika Mashariki inatema mwaka wa tarakimu tano, Python inashika kichwa.

Ukisoma mtandaoni hulioni onyo hili mara nyingi, kwa sababu aliyeandika yuko New York, kwake saa zinarudi nyuma na tarehe inabaki ndani ya 9999. Wa London majira ya baridi yuko palepale kwenye UTC. Sisi wa mashariki ndio tunavuka mwaka.

Na upande wa pili nao una jiwe lake. Ukijaza 9999-12-31 saa sita kamili usiku kwa saa za hapa, ndani inakaa kama 30 Desemba saa 21:00 UTC. Halafu mtu kwenye mashine yenye UTC anaandika sharti la "= '9999-12-31'", hapati mstari hata mmoja. Mkataba ni jambo la siku, si la saa. Tumia date tupu, achana na timestamptz hapo.

#9 Dada_Faharasa

Nimesoma yote. Kabla hamjamzika NULL, na kabla hamjamtetea, niweke yale niliyoumia nayo mwenyewe.

Kubwa kuliko yote ni MAX, ile ya kutafuta thamani kubwa. Mfanyakazi ana mkataba ulioisha 2022 na mwingine mpya usio na mwisho, umeuacha NULL. MAX(tarehe_mwisho) inaruka NULL na kukupa 2022. Hakuna kosa wala onyo, unaambiwa tu mtu aliondoka 2022, na yuko mbele yako anakunywa chai.

Halafu UNIQUE, sharti la kukataza thamani kujirudia. Ukiweka UNIQUE kwenye (mfanyakazi_id, tarehe_mwisho) ukidhani umezuia mtu kuwa na mikataba miwili iliyo wazi, hujazuia kitu. Kwenye PostgreSQL, NULL na NULL hazihesabiki kuwa sawa, kwa hiyo zinaingia hata kumi. Toleo la 15 limeleta NULLS NOT DISTINCT, inayohesabu NULL kuwa sawa, au unaweka faharasa ya UNIQUE yenye WHERE tarehe_mwisho IS NULL. SQL Server ya Microsoft yenyewe inaruhusu NULL moja tu kwenye UNIQUE, kwa hiyo ukihama kutoka huku kwenda kule sheria inabadilika chini ya miguu yako.

Kupanga nako kuna vituko. Ukipanga kuanzia ndogo, PostgreSQL na Oracle huweka NULL mwisho, MySQL na SQL Server huziweka mwanzo. GREATEST (ya kuchagua kubwa kati ya thamani kadhaa) kwenye PostgreSQL inaruka NULL, kwenye MySQL na Oracle NULL moja inaangusha jibu zima kuwa NULL.

Na kwa kuwa umesema una MySQL ya zamani: tafuta '0000-00-00' humo, utazikuta. Kabla ya toleo la 5.7 kufanya ukali kuwa hali ya kawaida, tarehe mbovu ilikuwa inaingizwa kama sifuri tupu, ikifuatiwa na onyo ambalo hakuna aliyelisoma. Kituko chake ni kwamba kwenye safu ya DATE iliyo NOT NULL, ukiuliza "WHERE tarehe IS NULL", MySQL inakuletea mistari ya 0000-00-00. Safu imekatazwa NULL, na bado ukiuliza NULL unapata majibu. Hii imeandikwa kwenye nyaraka zao wenyewe, sizushi.

#10 KalamuNyekundu

Samahani kuingilia. Mimi si mtu wa kompyuta, ni afisa utumishi, nimevutwa na kichwa cha habari. Mnabishana mjaze nini, ila sijaona aliyeuliza hao watu 14 mikataba yao inasemaje.

Sheria yetu hapa Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja mikataba ya aina tatu. Upo wa muda usiotajwa, ambao wengi tunauita wa kudumu. Upo wa muda maalumu. Na upo wa kazi maalumu. Wa kwanza hauna tarehe ya mwisho, basi. Wa tatu mwisho anao, kazi ikiisha naye ameisha, ila tarehe hakuna aijuaye leo. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Siku mtu akidai mafao mbele ya msuluhishi, tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Na mimi kazini kwangu ninalo kundi jingine: mkataba upo, una tarehe, ila faili limepotea. Huyo naye kwenye kompyuta yenu ni tupu vilevile.

#11 TemboBluu

KalamuNyekundu, umetupiga chenga wote. Nakubali nilikimbilia infinity haraka.

Alichosema kina historia ndefu. Edgar Codd, baba wa hifadhidata za mahusiano, aliyeandika makala yake maarufu 1970, baadaye aliona NULL moja haitoshi akapendekeza alama mbili: moja kwa thamani ambayo ipo ila hatuijui, nyingine kwa thamani ambayo haihusiki na mstari huo. Hilo halikushika kwenye SQL. Tulibaki na NULL moja inayobeba mizigo yote.

Ila nje ya hifadhidata kuna waliolitenganisha vizuri. Kiwango cha ISO 8601-2 cha mwaka 2019 kina namna ya kuandika vipindi: 2019-03-01/.. maana yake kipindi kiko wazi upande wa mbele, na 2019-03-01/ bila nukta maana yake mwisho haujulikani. Nukta mbili tu, lakini zinasema kile KalamuNyekundu amekisema.

Kwa hiyo ningeandika hivi, aina ya mwisho iwe safu yake, na CHECK ikague kila mstari unaoingia:

```
CREATE TABLE mikataba (
  mfanyakazi_id  int  NOT NULL,
  tarehe_mwanzo  date NOT NULL,
  aina_ya_mwisho text NOT NULL,
  tarehe_mwisho  date,
  CHECK (
    (aina_ya_mwisho = 'tarehe' AND isfinite(tarehe_mwisho))
    OR (aina_ya_mwisho = 'hauna' AND tarehe_mwisho = 'infinity')
    OR (aina_ya_mwisho IN ('kazi_ikiisha', 'faili_halipo')
        AND tarehe_mwisho IS NULL)
  )
);
```

#12 Dada_Faharasa

Tembo, jaribu kuingiza aina_ya_mwisho = 'tarehe' na tarehe_mwisho = NULL kwenye jedwali lako. Nakusubiri.

#13 TemboBluu

Imeingia 🤦🏾‍♂️

#14 Dada_Faharasa

Imeingia kwa sababu CHECK hukataa FALSE tu. Jibu likiwa NULL, linapita. isfinite ya NULL ni NULL, "kweli AND NULL" ni NULL, matawi mengine mawili ni FALSE, na "NULL OR FALSE" ni NULL. Getini kapita. Kwenye WHERE mambo ni kinyume, NULL inatupwa nje. Ni NULL ileile, WHERE inaifukuza na CHECK inaikaribisha. Na tawi lako la 'hauna' lina tobo hilohilo. Tia IS NOT NULL kwenye yote mawili:

```
(aina_ya_mwisho = 'tarehe' AND tarehe_mwisho IS NOT NULL
   AND isfinite(tarehe_mwisho))
OR (aina_ya_mwisho = 'hauna' AND tarehe_mwisho IS NOT NULL
   AND tarehe_mwisho = 'infinity')
```

#15 KichwaNgumu

Mnamtesa mtu wa watu. Kampuni ya wafanyakazi 70 mnampa Codd na nukta mbili. 9999-12-31 inafanya kazi. SQL Server wenyewe, kwenye majedwali ya historia waliyoleta 2016, mstari ulio hai wanaujazia mwisho wa mwaka 9999 hadi sekunde ya mwisho na tarakimu zake saba za desimali. Kama Microsoft wanatumia, nani amewaambia nyie ni haramu? Oracle nayo haina infinity, tarehe zake zinaishia mwaka 9999. Watu wake hawali?

#16 Mpemba_wa_Data

Kichwa, hakuna aliyesema haramu. Kwenye SQL Server safu hiyo inajazwa na mashine yenyewe, mtu haigusi. Huku inajazwa na Fundi saa tano usiku akiwa na hofu ya mhasibu.

#17 Dada_Faharasa

Naongeza hapo kwa Oracle, maana nimekaa nayo miaka. Kule 9999 ina faida na hasara ya kweli, si ya vitabuni.

Faida: faharasa ya kawaida ya Oracle haiweki mstari ambao safu zake zote za faharasa ni NULL. Kwa hiyo "WHERE tarehe_mwisho IS NULL" inasoma jedwali lote. Watu wanakwepa kwa kuweka 9999, au kwa kuongeza namba isiyobadilika kwenye faharasa, kama (tarehe_mwisho, 0).

Hasara: mpangaji wa maswali anaangalia tarehe ndogo na kubwa kwenye safu, na kama hana takwimu za ziada anadhani tarehe zimetapakaa sawasawa katikati. Mikataba yako yote ya kweli iko ndani ya miaka ishirini, wewe umemwekea ukingo wa karibu miaka elfu nane. Ukimuuliza ya mwaka huu anakadiria ni michache mno, anachagua njia inayofaa mistari michache, halafu inatoka mistari laki tatu. Nimewahi kukaa ofisini hadi saa nne usiku kwa hilo. Dawa ni kumpa histogramu ya safu hiyo, yaani takwimu za jinsi thamani zilivyotawanyika. PostgreSQL inaumia kidogo zaidi hapa, kwa sababu thamani zinazojirudia sana inaziweka kwenye orodha yao pembeni, na NULL inaziweka kwenye faharasa kama kawaida.

Watu 70 hawafiki huko. Ila Kichwa aliuliza.

#18 MwanaHati_254

Wadau, salamu kutoka Mombasa. Nimefanya mifumo ya kumbukumbu za ardhi, na huko "milele" ni mali ya watu. Mambo mawili.

Kwanza, hicho mnachokiita hakina mwisho kinaweza kupata mwisho kwa amri. Kenya tulikuwa na mikataba ya ardhi ya miaka 999, na umiliki usio na kikomo. Katiba mpya ikaanza kutumika 27 Agosti 2010, ikasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi zaidi ya miaka 99, na waliokuwa na zaidi ya hapo wakahesabiwa kuwa na 99. Siku moja tu, infinity kadhaa zikageuka tarehe. Aliyekuwa ameandika juu ya thamani ya zamani alipoteza historia. Aliyefunga mstari wa zamani na kufungua mpya alibaki na ushahidi wa kila kilichokuwepo. Fundi, siku mfanyakazi wa kudumu akihamia mkataba wa miaka miwili, usiuguse mstari wake wa kwanza zaidi ya kuufunga.

Pili, kabla hamjafika 9999 kuna ukuta wa karibu. TIMESTAMP ya MySQL inaishia 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Huko Tanzania hati za ardhi naskia ni miaka 33, 66 au 99. Hata ile fupi ikitolewa leo haiingii humo. DATE na DATETIME hazina shida hiyo, zinafika 9999.

#19 KichwaNgumu

Hiyo ya 2038 nilikuwa nadhani ni hadithi za kuwatisha watoto. Nimeangalia mfumo wetu, safu 11 za TIMESTAMP. Narudi baadaye.

#20 MzeeWaMasjala

Vijana, hongereni. Nimestaafu, nilitumia maisha yangu masjala, kwenye mafaili ya watumishi. Mnazungumzia mwisho wa mkataba, mimi nitawaambia kuhusu mwanzo wa mtu.

Kuna watumishi wengi wa rika langu ambao mama zao hawakuandika siku. "Alizaliwa mwaka wa Uhuru." "Alizaliwa tukiwa vitani na Amin." Fomu inataka siku, mwezi na mwaka, haina nafasi ya maneno. Karani anaweka 1 Januari, mwingine anapenda 1 Julai. Ukichapisha orodha ya watumishi kwa siku ya kuzaliwa utadhani nusu ya idara ni mapacha. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiari 55. Mtu aliyezaliwa 1965 akiandikiwa 1 Januari na mwenzake 1 Julai, mmoja anakula mshahara miezi sita zaidi kwa kalamu ya karani. Tarehe ya kujaza ikishaingia, inafanana na tarehe ya kweli, huwezi kuzitenganisha tena.

Na msidharau maneno ya mama. Aliwahi kuja kijana wa Mwanza kurekebisha kumbukumbu zake. Kadi inasema 1 Januari 1996. Mama yake anasema alijifungua Ijumaa ya wiki ile MV Bukoba ilipozama. Meli ilizama Jumanne, 21 Mei 1996. Ijumaa yake ni tarehe 24. Kumbukumbu ya mama ilikuwa na siku kamili, kompyuta ndiyo iliyokuwa na uongo.

#21 TemboBluu

Shikamoo mzee. Hii ya MV Bukoba nitaitumia kufundishia.

Kwa kisa chako nisingeweka NULL wala tarehe moja. Ningeweka tarehe ya mapema kabisa inayowezekana, tarehe ya mwisho kabisa inayowezekana, na safu ya tatu ya maandishi yenye maneno aliyosema mhusika kama yalivyo. "Mwaka wa Uhuru" inakuwa 1961-01-01 hadi 1961-12-31. "Vitani na Amin" inakuwa Oktoba 1978 hadi Juni 1979. Yule kijana wa Mwanza safu zote mbili zinakuwa 1996-05-24. Upana kati ya tarehe mbili ndio kipimo cha kutojua. Kanuni ya kustaafu ichague itumie ipi, na hilo liamuliwe na wakubwa mara moja, lisiachiwe karani kila asubuhi.

#22 Mama_Famasia

Kwenye dawa tunayo hii kila siku. Boksi limeandikwa mwezi na mwaka tu. Kwenye msimbo mraba wa GS1 (shirika la viwango vya misimbo ya bidhaa) tarehe ya kuisha ni tarakimu sita, mwaka, mwezi, siku, na kama siku haikutajwa walikuwa wanaweka 00. Kwa hiyo 271100 maana yake inatumika hadi siku ya mwisho ya Novemba 2027, yaani tarehe 30.

Mfumo wetu wa kwanza ulikuwa MySQL, ukaingiza tarehe za namna ya 2027-11-00 kama zilivyo, kwa sababu MySQL ikilegezwa masharti inaruhusu siku ya sifuri. Shida ni kwamba 2027-11-00 ni ndogo kuliko 2027-11-01. Dawa ikawa inaonekana imeisha siku nzima thelathini kabla ya wakati. Tulikuwa tunatenga maboksi mazima yaende kuteketezwa hadi mfamasia mmoja akasoma boksi kwa macho yake.

#23 Kijiti

Nimekuja kwa ajili ya mlinzi, naondoka na dawa za kuisha muda. Uzi una madini huu.

#24 FundiMishahara

Wakuu, nimesoma yote mara mbili. Nilifikiria kutumia daterange (aina ya PostgreSQL inayobeba kipindi kizima, mwanzo na mwisho) badala ya safu mbili, kuna mtu amejaribu?

#25 TemboBluu

Mimi naitumia, na EXCLUDE yake inazuia mikataba miwili ya mtu mmoja kupishana, jambo ambalo UNIQUE haiwezi. Toleo la 18 la mwaka 2025 limeongeza na WITHOUT OVERLAPS kwenye ufunguo mkuu, imekuwa rahisi zaidi. Ila kwa kisa chako hiki kuna mtego mbaya. Ukiandika daterange('2024-01-01', NULL), PostgreSQL haisomi "mwisho haujulikani". Inasoma "hakuna ukomo". Yaani mwenye faili lililopotea anageuzwa mfanyakazi wa kudumu bila mtu kusaini popote.

Na kuna infinity mbili humo ndani. '[2024-01-01,)' haina ukomo. '[2024-01-01,infinity)' ina ukomo, na ukomo wake ni thamani inayoitwa infinity. Ukiuliza kwa upper_inf kama kipindi hakina ukomo wa mbele, cha kwanza jibu ni kweli, cha pili si kweli. Chagua moja, iwekee CHECK, na usisahau somo la #14.

#26 FundiMishahara

Mrejesho.

Nimebaki na safu mbili za date pamoja na aina_ya_mwisho, CHECK ya Dada_Faharasa. Timestamptz kwenye programu ya likizo nimeitoa, na Python nimehamia psycopg 3 ili infinity ikivuja nipigiwe kelele. MySQL ya mahudhurio nimekuta 0000-00-00 mistari 212, sijui nianzie wapi, hiyo nitailetea uzi wake.

Kubwa ni hili. Nilikwenda na KalamuNyekundu kichwani hadi kwenye kabati la mafaili, tukafungua moja moja na HR. Kati ya wale 14, tisa ni wa kudumu kweli, mlinzi akiwemo: 'hauna', infinity. Watatu ni wa ujenzi wa ghala, mkataba unasema hadi kazi ikamilike: 'kazi_ikiisha'. Wawili mafaili hayakuwepo. Mmoja bado hatujalipata. La pili lilikuwa kwenye droo ya meneja aliyehama, mkataba wa mwaka mmoja, uliisha tarehe 30 Juni mwaka jana. Mtu anakuja kazini kila siku na analipwa kila mwezi. Mhasibu anauliza nimjaze nini.

#27 KalamuNyekundu

Mstari wa zamani jaza ukweli wake: 'tarehe', 30 Juni mwaka jana. Fungua mwingine unaoanzia 1 Julai. Mtu akiendelea kufanya kazi baada ya muda kuisha, mkataba unaweza kuhesabika umehuishwa wenyewe kutegemea mazingira, na hayo mazingira si wewe wala mhasibu wa kuyaamua. Kwa huo mpya ongeza aina ya tano, iite 'haijaamuliwa', na jina la atakayeamua liwe HR.

#28 FundiMishahara

Sawa. CHECK imekataa aina ya tano, naiongeza sasa hivi kabla ya tarehe 25.